Wafalme Wenye Ndevu wa Ami Nassor

Fedha ikitoka mikononi mwa sonara haina harufu. Lakini fedha iliyolala shingoni mwa mwanamke miaka na miaka ina harufu yake, na ukishaijua utotoni huisahau tena: liwa, mafuta ya nazi, jasho, na ukali kidogo, kama ulimi ukigusa ufunguo. Juzi hapa Nizwa, katika duka moja wanaloingia sana watalii, kijana muuzaji alinipa mkufu wa kale niutazame, na mimi kabla ya kuutazama nikaupeleka puani. Akanitolea macho. Nikamwambia kwa Kiarabu, "Usikhofu, mwanangu, sina wazimu. Nimefundishwa hivi na ami yangu." Hakuelewa, wala sikuona haja ya kumweleza yeye. Nitawaeleza nyinyi.

Tulikaa Ibra, katika nyumba ya saruji iliyotazamana na shamba la mitende la watu wengine. Wakubwa walikuwa wakisema "tuliporudi Omani", ijapokuwa Bibi hakuwahi kuiona Omani mpaka siku aliposhuka ndegeni, mtu mzima na wajukuu, anauliza maji yako wapi. Bibi Zuwena alizaliwa Unguja, Malindi, na Kiarabu chake kilitosha kununua nyama na kusalimia. Kugomba, kuomba dua na kusengenya, vyote alivifanya kwa Kiswahili. Majirani walimwelewa vizuri tu, khasa akigomba.

Ami Nassor alikuwa mdogo wake baba yangu, na kitinda mimba wa Bibi. Alisomeshwa Urusi, huko kwenye theluji, akarudi mhandisi wa maji, mrefu, mkimya, na mazoea ya kutia jamu katika chai badala ya sukari. Bibi aliitazama ile jamu ikizama katika chai kama mtu anayetazama ugonjwa. Lakini jamu haikuwa msiba wake. Msiba wake ni kuwa Ami alikuwa amepita umri wa kuoa na hana habari. "Kasomea maji," akisema Bibi, mbele ya wageni, mbele ya Ami mwenyewe, "na yeye kakauka." Ami akicheka kidogo, akanyanyuka, akaenda chumbani kwake kwenye sarafu zake.

Ndizo hizo sarafu ninazotaka kuzisema. Zilikuwa rubli za fedha, za zama za wafalme wa Urusi, kabla hawajapinduliwa. Alipokuwa mwanafunzi huko alikuwa akipita kila jioni mbele ya duka la vitu vya kale, na dirishani zimepangwa rubli hizo juu ya kitambaa cheusi. Mwanafunzi mwenye kanzu moja ya baridi hawezi kununua kitu kama hicho. Akizitazama mpaka pumzi zake zinaziba kioo, kisha anakwenda zake. Basi hebu fikirini, mtu huyo anakuja Ibra, anakaribishwa kahawa kwa jirani, anainua macho na kumwona ajuza wa nyumba kavaa moja shingoni, imetiwa kikonyo, kile kipete cha kupitishia uzi, inaning'inia pamoja na hirizi.

Zilifikaje? Ami alisema ni mahujaji. Watu wa Bukhara walikwenda Makka na fedha ya kwao, wakaiuza huko, na mahujaji wa Omani wakarudi nayo bila ya kujua ni ya nani. Na hapa ikachanganyika na riale za fedha, zile kubwa zenye sura ya malkia mnene wa Austria, ambazo masonara wa Nizwa na Ibra walikuwa wakizitumia tangu enzi na enzi. Kosa lenyewe lilikuwa jepesi. Riale ya malkia nyuma yake ina tai wa vichwa viwili. Rubli nayo nyuma yake ina tai wa vichwa viwili. Na wanawake walipenda kuivaa sarafu tai akitazama nje. Kwa hiyo mfalme wa Urusi na ndevu zake amelala kifuani mwa ajuza, na ajuza mwenyewe hana khabari naye.

Ami alikuwa na tatizo moja tu. Vikongwe walikuwa wakileta fedha zao katika soko la wanawake, na soko hilo la Ibra, siku ya Jumatano, mwanamume haingii. Muuzaji mwanamke, mnunuzi mwanamke, na mwanamume akijipitisha mlangoni hupigiwa kelele mpaka ajute. Wahandisi pia. Basi Jumatano za likizo Ami akiegesha gari lake kwenye kivuli cha ukuta wa nje, vioo juu, na mimi ndiye nikiingia na Bibi.

Alinifundisha mwenyewe, mezani, kwa subira. Riale ya malkia ni pana na nzito, na malkia kifua chake kiko nje. Rubli ni ndogo kidogo, nyepesi mkononi, na mtu wake ana ndevu. Niinuse: ikinuka liwa na jasho imevaliwa, ni ya zamani, ikinuka dawa ya kusafishia, hiyo imetoka kwa mjanja. Nilikuwa mtoto wa meno ya mbele mapya, na nilijiona profesa.

Ndani ya soko mwenye fedha nyingi za kale alikuwa Bi Raya, mama mmoja wa Pemba, mpana, mwenye sauti ya kuuzia. Vitambaa vyake vilikuwa mbele, fedha katika sinia pembeni. Nyuma yake alikaa binti yake, Da Salma, akishona kofia, kichwa kimeinama, sindano haipumziki. Watu walimsema kuwa mkimya. Hakuwa mkimya, alikuwa akisikiliza. Yeye ndiye aliyenifungia sarafu katika leso, fundo moja zuri, nami nikitoka mbio mpaka garini. Ami akizitazama moja moja kwa kioo chake cha kukuzia, akichukua moja, au asichukue yoyote, na nyingine zote nikizirudisha. Da Salma akilifungua fundo, akiziangalia zilizorudi, anatabasamu.

"Leo pia kawakataa malkia?"

"Kawakataa."

"Maskini," akisema, na kuzirudisha katika sinia. Mimi nikidhani anawaonea huruma malkia.

Sasa, mji ni mji, na wanawake wa sokoni wana macho. Mwanamume asiyeoa, mwenye kazi ya serikali, anayekusanya fedha kila Jumatano kupitia mjumbe wake mdogo, na fedha zote anazichukua kwenye sinia la mama mwenye mwanamwali. Mngefikiri nini? Wakati huo wengi walikuwa washahamia kwenye dhahabu, lakini kwa watu wa zamani bi harusi asiye na banagiri za fedha, zile bangili nene za mkononi, hakuvishwa kitu. Na fedha hiyo lazima iyeyushwe upya, kwa sababu bi harusi havishwi fedha ya marehemu. Basi hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Nassor anamkusanyia Salma banagiri, ila ni mwenye haya, anakwenda polepole.

Wakaanza kumwombea dua. Vikongwe waliokuwa hawauzi wakauza. Bibi alipolisikia neno hilo alikaa kitako kwenye msala wake akalia kwa furaha, wallahi nilimwona. "Lisemwalo lipo," akaniambia, "na kama halipo linakuja. Na hili limekuja." Mtu mmoja wa Sur, mwenye duka lake na nyumba yake, alileta posa kwa Da Salma, akarudishwa kwa adabu. Bi Raya alisema binti yake ana mtu. Mji mzima ulijua ni nani. Asiyejua alikuwa mmoja, naye yuko garini, vioo juu, anatafuta rubli iliyopigwa mfalme alipotawazwa.

Akaipata. Ilitoka kwa ajuza wa Wadi Bani Khalid, imetiwa kikonyo kama nyenziwe, lakini sura imesalimika yote, hata ndevu unaweza kuzihesabu. Sijapata kumwona Ami vile, wala kabla wala baadaye. Aliteremka garini akasimama juani kichwa wazi. Akaniambia kwa Kiswahili, na kisha kwa Kirusi, na kisha tena kwa Kiswahili, kuwa hii hata dirishani kwenye lile duka hakuwahi kuiona. Nyumbani akaizungushia pamba, akaiweka chini kabisa ya kopo la maziwa ya unga alimokuwa akizitia zote.

Siku chache baadaye Ami alitumwa Adam, mji wa ukingoni mwa jangwa kusini ya Nizwa, kukagua visima. Baba ndiye angetupeleka Nizwa Ijumaa ile, mimi na Bibi, na Ami akirudi kutoka Adam angepita kutuchukua. Bibi alisema ana shughuli ya sonara. Alhamisi alikoroga ukwaju na majivu katika bakuli, akakaa uani na kopo la Ami mapajani, akazisugua zile sarafu moja moja. Nilimwambia, "Bibi, Ami hataki zisafishwe." Nilikuwa nimeambiwa hivyo mara nyingi: rangi nyeusi ya uzee ndiyo heshima yake.

"Ami yako hataki hata kuoga akisoma," akasema Bibi. "Tumngoje yeye mpaka lini? Msichana anazeeka na sindano mkononi. Sukuma hilo bakuli."

Nizwa Ijumaa kuna mnada wa mbuzi, watu wanavutana, wanyama wanalia, na ndani ya soko kuna vumbi la kila kitu. Sonara wa Bibi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alizimimina rubli juu ya kitambaa, zinang'ara kama vijiko vipya. Akaichukua moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, hii si riale."

Bibi akakusanya Kiarabu chake chote. "Ni fedha, si fedha?"

"Ni fedha."

"Basi tia."

Akang'oa vikonyo kwa koleo. Akazitia katika chungu chake kidogo, akaelekeza moto wa gesi. Sikulia, niliangalia, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa zuri kutazama, na mtoto ni mtoto. Wafalme walibaki wafalme kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu sura zikalainika, ndevu zikatoka jasho, na mara moja hapakuwa na mtu yeyote mle, ila kitu chekundu kinachotetemeka. Sonara alimimina, akapima, akautazama uzi aliopewa na Bibi, uzi wa kipimo cha mkono wa Da Salma. Akasema fedha haitoshi, sarafu hizi nyepesi, aongeze riale mbili tatu. Bibi akakataa. "Usiongeze kitu. Mkono wa mwanamwali laini, utapita."

Ami aliingia wakati banagiri ya kwanza imeshakunjwa. Viatu vyake vina vumbi la Adam, na mkononi mfuko wa tende kwa ajili ya Bibi. Alimwona mama yake, akamwinamia kichwani akambusu, akamsalimu sonara. Halafu akaliona kopo.

"Nimekumalizia kazi, mwanangu," akasema Bibi. Uso wake mzima ulikuwa unacheka. "Bi Raya nishampa neno. Yule wa Sur kesharudishwa, na Salma anajua. Mji mzima unajua. Ulikuwa unaona haya, mimi mama yako nimekuvua haya."

Ami aliangalia ndani ya kopo. "Zote?"

"Zote."

"Na ile ya kwenye pamba?"

"Hiyo! Hiyo ndiyo iliyong'ara kuliko zote."

Nilikuwa nimesimama karibu na goti la Ami, nikamwangalia juu. Nilitegemea kelele. Kwetu mtu akivunjiwa kikombe tu sauti hupanda mpaka kwa jirani.  Ami alifunga kifuniko cha kopo lisilo na kitu, akakibonyeza vizuri pande zote. Akatoka nje mpaka kwenye mfereji wa maji unaopita nyuma ya ngome, akachutama, akaosha uso. Akauosha, akauosha. Bibi akaniambia, "Njia ya Adam ina joto, masikini." Aliporudi, ndevu zinachuruzika maji, alimuuliza sonara kitu kimoja tu, ikiwa ncha zitalainishwa zisimkwaruze mtu. Sonara akasema zitalainishwa. Bibi akapiga kigelegele mle mle dukani, na wauza visu wa jirani wakachungulia.

Wakaoana. Ilikuwa harusi nzuri, nilikula halwa mpaka nikaugua. Na mimi nikatoa hukumu yangu ya kitoto: zile sarafu hazikuwa kitu. Zingekuwa kitu, Ami angegomba. Nilishikilia hukumu hiyo miaka mingi, mpaka nilipokuwa mwanamke mzima na kazi yangu, nikaiona kwenye mtandao picha ya rubli kama ile ya kutawazwa, imelazwa katika sanduku la kioo, na maneno chini yake ya watu wanaoitafuta hawaipati. Ile yao hata haikuwa safi kama ya kwetu. Nikafunga simu. Nilikasirika, nikiwa peke yangu jikoni, kwa niaba ya mtu ambaye mwenyewe hakukasirika. Nikaanza kuelewa yale maji ya mfereji. Mtu alikuwa amechutama pale anachagua: aseme ukweli, na mama yake aaibike mbele ya sonara, na msichana wa watu aaibike mbele ya Ibra nzima, au anyamaze. Na akanyamaza, akaingia katika ndoa ambayo hakuiwaza hata siku moja. Nilimhurumia Ami, na nikimhurumia zaidi Bi Salma, aliyeolewa kwa kosa na hajui.

Mwaka juzi Ami Nassor alifariki. Nilikwenda Ibra kukaa na Bi Salma katika eda yake. Mwanamke wa eda hajipambi, basi banagiri zilikuwa mezani juu ya leso, zimetolewa kwa mara ya kwanza toka harusi. Watoto wao walikuwa barazani na wageni. Tulikuwa wawili tu, na sijui kwa nini, nilianza kumzunguka kwa maneno, nikimtafutia namna ya kumwambia bila ya kumuumiza kuwa zile fedha hazikuwa zimekusanywa kwa ajili yake.

Alinisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza sokoni, kichwa kimeinama. Akacheka.

"Wewe ulikuwa unaniletea zilizokataliwa, au umesahau? Mwanamume anayetaka banagiri huchukua fedha nzito. Huyu anazirudisha nzito zote, anabakisha nyepesi za wenye ndevu. Nani anakusanya fedha ya harusi kwa kuchagua sura? Nilijua tangu mwezi wa kwanza kuwa haoi mtu, anacheza. Mama alikuwa hajui, bibi yako alikuwa hajui, mji ulikuwa haujui. Bibi yako alipokuja na uzi, mimi nilijua uzi ule unakwenda kufanya nini, na utachukua nini cha nani. Ningesema neno moja tu."

"Na hukusema."

"Nilinyosha mkono. Nilikuwa nikimtaka."

 Miaka yote hiyo nilidhani siku ile ya Nizwa alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kilichoyeyushwa. Walikuwa wawili, mmoja kachutama kwenye mfereji, mwingine Ibra kashika sindano, na mimi niliyekuwa nikipeleka leso huku na huku ndiye niliyekuwa sijui kitu.

Bi Salma alizisogeza zile banagiri kwa kidole, akazipanga mdomo kwa mdomo. Viganja vyake vilikuwa wazi mbele yangu, na juu ya viganja, mikono yote miwili ilikuwa na alama, ngozi imebonyea na kufifia rangi, duara zima.

"Ami yako toka wiki ya harusi mpaka anakufa alikuwa akiniuliza kitu kimoja hicho hicho," akasema. "Hazikubani? Twende Nizwa zikatanuliwe, tutie riale mbili tatu? Na mimi namwambia, hazinibani." Akazifunika kwa leso. "Zilikuwa zikinibana, mwanangu. Wallahi zilikuwa zikinibana. Lakini sikutaka ziingie fedha isiyokuwa yake."